Ubani Katika Chumba cha Kompyuta

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam
Siku: Jumapili, tarehe 15 Juni 1997, kuanzia saa tatu asubuhi
Jina: Farida Nassibu Mashaka
Umri: miaka 26
Kabila na dini: Mzaramo, Mwislamu
Kazi: mhandisi mitambo, yuko katika kipindi cha majaribio
Makazi: ~~Kinondoni~~ Mtoni, Temeke (limefutwa kwa ombi la shahidi mwenyewe)
Uhusiano na mtuhumiwa: mtoto wa kumzaa, kwa maneno ya shahidi, ~~haujathibitishwa~~
Mwandishi: WP Koplo Eufrazia Albano

Mimi Farida, niliyetajwa hapo juu, nimeonywa na Koplo Eufrazia kwamba nikisema uongo hapa ninaweza kushtakiwa. Nimemwambia uongo nilishausema jana na sasa naufuta. Ameniambia nianze mwanzo, nisikimbie, maana mkono wake hauandiki haraka kama ninavyosema.

Nimekuja kwa kutumwa. Mwajiri wangu, Mhandisi Kamugisha, aliniagiza jana jioni nije kituoni nitoe maelezo ya kitaalamu: moshi ulianzia wapi, mitambo ilifanya nini, na kwamba mwanamke aliyekamatwa alidhamiria kuchoma jengo. Maelezo hayo niliyapanga kichwani njia nzima. Nilipofika mezani Koplo akaniuliza jina, nikalitaja. Akaniuliza ninapoishi, nikasema Kinondoni. Siishi Kinondoni. Kusema hivyo ni mazoea tu, kama mtu anayejikuna. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea, nikamwomba afute.

Mwanamke mliyemweka mahabusu tangu jana mchana, aliyejiandikisha kwa jina la Tabu Salumu, ni mama yangu mzazi. Anatuhumiwa kuingia kwa siri katika chumba cha kompyuta cha Kampuni ya Bima ya Ngao ya Pwani, huko Chang'ombe, na kujaribu kukichoma moto. Hakuingia kwa siri. Mimi ndiye niliyemwomba aje, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Jana mbele ya watu nilisema simfahamu. Yeye naye, kwa kunisitiri, akasema hanifahamu. Kwa hiyo mna kauli za watu wawili zinazokubaliana vizuri sana, na zote mbili ni uongo.

Mnamo Novemba 1996 nilimaliza shahada ya uhandisi mitambo pale Chuo Kikuu, Mlimani. Darasani wasichana tulikuwa wawili. Mwezi Machi mwaka huu niliajiriwa na ofisi ya wahandisi washauri ya Bwana Kamugisha, iliyoko Kinondoni, kwa majaribio ya miezi sita. Bwana Kamugisha ni mtu wa tai hata siku za jasho, na hapendi kusikia mtu akisema "nadhani". Ukisema "nadhani" anaweka kalamu chini na kukutazama mpaka useme "nimepima". Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama mtoto anavyomwogopa mwalimu mzuri.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa chumba hicho cha bima. Koplo ameniomba nieleze ili aweze kuandika, nami naeleza. Siku hizi makampuni binafsi yameruhusiwa, na kila kampuni mpya inataka kompyuta. Wengi wanadhani ukinunua kompyuta umemaliza. Lakini mashine kubwa zikiwekwa pamoja ni kama watu wa harusini kwenye ukumbi uliofungwa madirisha: kila moja inatoa joto lake, na joto likizidi zinazimia. Kwa hiyo lazima mtu akae achore hewa: iingie wapi, ipite wapi, itoke wapi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilichora sakafu iliyoinuliwa, ya vigae vyenye matundu, hewa baridi ipande kutoka chini, ipite kwenye mashine, ipae hadi darini na kurudi kwenye mtambo wa kupozea. Darini niliweka vidude viwili vya kunusa moshi. Kimoja kikinusa, kengele inalia. Vyote viwili vikinusa, mtambo wa hewa unazimika na gesi ya kuzimia moto inamwagwa chumba kizima. Mlangoni niliandika kwa herufi kubwa: VUA VIATU, ili vumbi lisiingie.

Nilikuwa na fahari na chumba kile kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa. Nalisema hili kabla sijasema mengine.

Sasa habari za mama. Baba yangu, mzee Nassibu, alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama anauza ubani, udi na marashi pale Mtoni, kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga. Ubani anauchanganya mwenyewe, na wanawake wa Mtoni hadi Mbagala wanaujua mchanganyiko wake hata ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Amenisomesha kwa moshi. Nguo zangu, madaftari yangu, nywele zangu, vyote vilikuwa na harufu hiyo tangu utotoni, na nilipokuwa bwenini wenzangu walikuwa wakiazima khanga zangu ili wanuse.

Nilipoajiriwa nikaanza kuionea haya. Dada mmoja wa mapokezi alinisifu siku moja, "Sista, unanukia! Pafyumu gani hiyo?" Nikamtajia jina la pafyumu niliyoiona kwenye dirisha la duka mjini. Waliponiuliza ninapoishi nikasema kwa shangazi yangu, Kinondoni. Sina shangazi Kinondoni. Nikawa nazianika nguo zangu za kazini nyuma ya nyumba kwa jirani ili zisishike moshi. Mama aliona. Siku iliyofuata aliihamishia biashara yake upande wa pili wa kibaraza, upepo unakopeleka moshi mbali na kamba ya nguo. Nilijua kwa nini amehama, nami sikumwambia ahsante wala samahani.

Wiki iliyopita tulijaribu mitambo. Jaribio la kwanza mtambo wa kupozea ulizima wenyewe. La pili ukazima tena. Umeme wa Chang'ombe unapanda na kushuka, na mtambo ule una deko. Siku ya Alhamisi tulifunga kifaa cha kutuliza umeme, ukafanya kazi vizuri hadi jioni, lakini Bwana Kamugisha aliniambia, "Ukizima Jumamosi mbele ya wageni, Farida, usije Jumatatu." Alikuwa akitabasamu. Sikuona cha kutabasamia.

Ufunguzi ulipangwa Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Walialikwa wakurugenzi, watu wa benki na waandishi wa habari. Ijumaa jioni nilifika nyumbani na uoga. Nimeulizwa na Koplo kama mama ndiye aliyeshawishi mambo ya dua. Najibu hapana. Mimi, mhandisi, niliyejifunza kutosema "nadhani", ndiye niliyekaa mkekani nikamwambia mama, "Kesho twende wote ukanisomee chumba."

Mama alicheka kwa furaha. Kwetu jambo jipya halifunguliwi kikavu. Nyumba mpya inafukizwa, genge la nyanya linafukizwa, hata cherehani ya jirani yetu ilifukizwa kabla haijashona. Nilipopata ubao wangu wa kuchorea niliukuta asubuhi unanukia udi. Akasema, "Mie nilikuwa nangoja tu uniambie. Chumba cha kwanza cha mwanangu kifunguliwe hivihivi? Watu wana macho, Farida."

Nikamwambia, "Lakini dua tu, mama. Moshi hapana."

"Dua bila ubani?"

"Kule ndani moshi haufai. Soma tu, utoke."

"Haya. Mwenye chumba wewe."

Sikumweleza kwa nini moshi haufai. Ningeweza kumweleza kwa maneno machache kama nilivyomweleza Koplo sasa hivi, na Koplo ameelewa mara moja. Sikumweleza kwa sababu sikuwa nafikiria vile vidude vya darini. Nilikuwa nafikiria harufu. Sikutaka wageni waingie waikute harufu ya kibaraza chetu ndani ya chumba changu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na naomba liandikwe hivyo hivyo.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi tulifika Chang'ombe. Mama alivaa khanga mpya, doti ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya Idi. Alikuwa na kapu. Nilimpitisha mlango wa nyuma. Mlinzi wa zamu alikuwa Anselmo, mtu mzima, mwenyeji wa Masasi. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akamwitikia na kumuuliza habari za nyumbani kwake kama vile wanafahamiana tangu zamani. Mimi nilisimama pembeni na funguo. Anselmo aliniuliza, "Mgeni wako, Injinia?" Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo Anselmo alisema kweli jana, na mimi nikamfanya mwongo. Nitalirudia hilo.

Mlangoni mama alisoma maandishi, VUA VIATU, akafurahi sana. Akasema, "Kumbe mna adabu." Akavua malapa yake, akayapanga sawasawa ukutani, akaingia kwa mguu wa kulia. Ni malapa ya buluu. Ukanda mmoja ulikatika wakati wa masika, nikaufunga kwa waya wa kufungia nondo nilioutoa kazini.

Ndani alisimama katikati ya zile mashine, hewa inampandishia khanga miguuni, akaishika kwa mikono miwili na kucheka kama msichana. Akaniuliza, "Upepo wote huu umeuchora wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu akuweke." Nilisikia raha. Kwa muda ule mfupi sikumwonea haya hata kidogo.

Hapo nikasikia honi ya gari la Bwana Kamugisha getini. Alikuwa amewahi, tena amekuja pamoja na Bwana Ferdinand, Meneja Mkuu wa bima. Nilimwambia mama, "Soma upesi, ukimaliza toka kwa mlango ule ule, nenda nyumbani. Usipite mbele." Wakati nasema hivyo, kapu lilikuwa wazi kidogo na nikaona mdomo wa chetezo chake cha kufukizia ubani. Harufu ya ubani mkavu ilinifikia. Nikajua amekuja nao. Ningesimama kidogo tu nikalichukua lile kapu. Lakini kulichukua maana yake ni kutoka nalo mbele, mkononi, mbele ya Bwana Ferdinand. Nikaondoka, nikauvuta mlango nyuma yangu.

Mambo ya katikati nimeyajua baadaye kwa Anselmo. Mama alisoma dua yake, akaona haijatimia. Akatoka nje, akavuka barabara kwa mama lishe wa pale, akaomba makaa mawili matatu ya moto. Akarudi, akavua tena malapa, akaingia na chetezo chake. Anselmo alimwona, akamwachia, kwa sababu alikuja na mimi. Alifikiri ndivyo nilivyoagiza.

Saa mbili na nusu hivi tulikuwa ukumbini, mbele ya kioo kikubwa cha chumba kile. Kioo kilikuwa kimefunikwa pazia la kufunguliwa saa ya sherehe. Wageni wachache waliowahi walikuwa tayari na soda zao mikononi. Bwana Kamugisha akasema, "Msanifu wa chumba huyu hapa," akanisukuma mbele. Nikaanza kueleza. Nilieleza hewa, nikaeleza sakafu, nikafika kwenye moto. Bwana Ferdinand akauliza kwa utani, "Na hivyo vidude vya kunusa, kweli vinanusa, au ni pambo?" Watu wakacheka. Nikajibu kwamba vinanusa hata sigara.

Kengele ikalia.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani nimeipanga. Bwana Ferdinand alinipigia makofi zaidi ya wote. Bwana Kamugisha pekee alinitazama, na mimi nikawa natabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua uso mwingine wa kuweka. Kisha mtambo wa hewa ukanyamaza, na baada yake ukaja mshindo wa gesi, sauti kama tairi la lori linapasuka na kuendelea kupasuka. Makofi yakakoma.

Nataka niseme jambo moja la kitaalamu, kwa kuwa ndilo nililotumwa kusema. Mitambo yote ilifanya kazi sawasawa. Hewa niliyoichora iliuchukua moshi wa ubani kutoka chini, ikaupandisha wima, ikaufikisha kwenye vidude vyote viwili karibu kwa wakati mmoja, kama nilivyokokotoa. Chumba changu hakikuzima mbele ya wageni kwa kosa lolote la chumba. Nilipokuwa nakimbilia mlango wa nyuma hili nililiwaza, na nilijisikia vizuri kidogo. Mama yangu yuko ndani ya ukungu, na mimi nawaza hesabu zangu ziko sawa.

Mama alitoka akitambaa. Khanga ya kichwani imeanguka, nywele zake nyeupe ziko wazi mbele ya wanaume, anakohoa, mkono wa kulia umeungua kwa makaa. Chetezo kilikuwa kimepinduka ndani na kutoboa vigae viwili vya sakafu. Moto haukuwepo, gesi ilikwisha kuyaua yale makaa. Watu walikuwa wamenifuata nyuma. Mmoja akasema, "Mchawi huyo! Tazama chetezo!" Mwingine akasema ametumwa na kampuni nyingine ya bima. Bwana Ferdinand akauliza kwa sauti kubwa, "Huyu mwanamke ni nani? Nani kamwingiza?"

Anselmo akasema, "Alikuja na Injinia."

Wote wakanigeukia. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, majirani Mtoni wanalijua hilo. Siku zote nikiona mtu anaonewa mdomo wangu unatangulia. Jana mdomo ulitangulia vilevile. Nilisema, "Mimi? Simfahamu huyu. Mlinzi amechanganya watu. Labda ni mtu wa kufagia."

Mama aliinua uso. Alinitazama mimi, akamtazama Bwana Kamugisha na tai yake, akatazama wale wageni na soda zao. Nilimwona anaelewa. Hakuonesha hasira. Afadhali angenitukana, ningejua la kufanya. Alijirudishia khanga kichwani, akaishusha usoni, akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Kweli, hanifahamu. Mie nilikuja kuomba kazi ya kufagia, nikaona mlango wazi. Huyo dada simjui."

Alisema "huyo dada". Nimekuwa nikilisikia neno hilo tangu jana.

Kilichofuata nilikifanya kwa akili timamu. Malapa yake yalikuwa bado yamepangwa ukutani. Niliogopa mtu asije akautambua waya ule, maana vipande vyake vilikuwa vimezagaa mezani kwangu pale kazini. Nikayasukuma kwa mguu chini ya benchi. Polisi walipokuja wakamchukua peku. Alipita mbele yangu peku kwenye kokoto za uwanja ule, na alijitahidi asichechemee.

Anselmo aliambiwa arudishe sare na kirungu papo hapo, kwa kumwacha mtu apite na kwa kumsingizia Injinia. Aliniangalia akasema tu, "Haya, dada." Naomba iandikwe hapa kwamba Anselmo hakumsingizia mtu. Alisema nilichokifanya, na aliniona nikikifanya.

Jioni Bwana Kamugisha aliniita pembeni ya gari lake. Alinipa mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Umetulia vizuri leo. Mwingine angebabaika. Wamekiona chumba kinavyofanya kazi hata kikivamiwa. Kesho nenda polisi ukaeleze kitaalamu, na Jumatatu nitakuandikia ajira ya kudumu." Nikamwambia ahsante. Nilimwambia mara mbili.

Alipoondoka niliyatoa malapa chini ya benchi, nikayafunga kwenye gazeti, nikaenda nyumbani.

Nyumbani majirani waliniuliza, "Mama yuko wapi, mbona kibaraza hakijafunguliwa leo?" Nikasema ameenda Bunju kwenye msiba. Sasa nilikuwa nasema uongo hata pasipo na mtu wa kumwogopa. Ndani nilikuta sinia limefunikwa kawa. Kabla hatujatoka asubuhi mama alikuwa amenipikia wali na kuniwekea papa wa nazi, akijua nitarudi kutoka kwenye sherehe yangu na njaa, kwa kuwa siku za wasiwasi sili mbele za watu. Nilikaa mbele ya lile sinia. Sikula. Nililifunika tena kama alivyolifunika yeye.

Nimeulizwa na Koplo kwa nini sikuja jana ile ile. Najibu kwamba niliitaka ile kazi. Hata asubuhi ya leo niliitaka. Nilitoka nyumbani nimevaa nguo za ofisini, na yale maelezo ya kitaalamu yako tayari mdomoni. Nilijipa moyo kwamba mama akishikilia neno lake, na mimi nikishikilia langu, watamwonya tu kama mwanamke asiyejua mambo, watamwachia, na sote wawili tutarudi nyumbani na kazi ninayo. Nilikuwa nimempangia mama yangu kifungo kidogo kwa faida yetu sote. Sijui kama kuna neno la sheria kwa jambo hilo.

Nimeulizwa kwa nini nilichukua malapa kuja nayo, ikiwa nilikusudia kuendelea kusema uongo. Niliyaona mlangoni nikatoka nayo.

Nikiwa nangoja zamu yangu pale kwenye benchi la mapokezi, nilisikia harufu. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akapita askari, na upepo wa mahabusu ukanifikia: mkojo, dawa ya choo, na katikati yake ubani wa mama. Upo kwenye khanga yake. Hautoki hata ufue. Msichana aliyekaa karibu nami akauvuta puani akasema, "Nani ananukia vizuri hivi?" Nilitaka kumjibu kwamba ni mama yangu. Nilifungua mdomo. Sikuweza, kwa sababu pale mezani kulikuwa na mtu wa bima amekuja kufuatilia kesi. Dakika chache baadaye nikamwambia Koplo naishi Kinondoni.

Nimeyasema haya ili nisionekane nimekuja hapa kwa ushujaa. Nimekuja kwa uongo na ukanishinda mdomoni.

Kwa kumalizia ninasema hivi. Mtuhumiwa hakuvunja mlango, hakutumwa na mtu, hakukusudia kuchoma kitu. Alikuwa akimwombea mwanawe heri kwa njia anayoijua. Sababu ya ubani ule niliianzisha mwenyewe kwa kumwomba aje, nikauacha kapuni nikiuona, nikamwacha peke yake. Vigae viwili, gesi iliyomwagika na fedheha ya kampuni vinanihusu mimi. Kama kuna wa kujibu mashtaka, nipo. Bwana Kamugisha hajui lolote kati ya haya. Kosa lake ni kuniamini. Barua yangu ya kuacha kazi sijaiandika. Nataka anifukuze yeye, uso kwa uso, baada ya kusikia kutoka kwangu mama yangu ni nani.

Nimesikia kwa Koplo kwamba mama ameulizwa mara tatu tangu jana kama ana ndugu wa kumtolea dhamana, na mara zote amejibu hana mtoto. Naomba aonane nami. Najua atakataa. Akiamua kumsitiri mtu hamwachi njiani.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nimesomewa yote toka mwanzo, na ni yangu, hata pale yanaponiaibisha.

(Sahihi) F. N. Mashaka

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimeyaandika mimi, WP Koplo Eufrazia Albano, nikamsomea shahidi, akayakubali na kuyatia sahihi mbele yangu. Shahidi alishauriwa apumzike kidogo katikati ya maelezo, akakataa. Amekabidhi malapa jozi moja, rangi ya buluu, ukanda mmoja umefungwa kwa waya. Mlinzi Anselmo ataitwa kesho kwa maelezo yake. Mtuhumiwa ameshapewa fomu ya PF3 akatibiwe mkono.

Saa tano na robo nilimleta mtuhumiwa mbele ya shahidi. Shahidi alipiga magoti akamwamkia. Mtuhumiwa hakuitikia. Nilimuuliza kama anamfahamu. Alijibu, "Simfahamu." Nilimwonesha malapa. Alijibu, "Si yangu." Nilimwambia kwamba shahidi amekwisha kueleza kila kitu, imeandikwa na imetiwa sahihi, hakuna tena cha kuficha. Mtuhumiwa alimtazama shahidi usoni. Kisha akaniambia mimi, si shahidi:

"Muulize kama amekula."

Malapa nimemrudishia, ameyavaa. Ukurasa wa kwanza, kwenye nafasi ya uhusiano, neno "haujathibitishwa" nimelikata na kuweka sahihi yangu pembeni.